Hesabu ya Maitu

Barua pepe ilisema tumepewa saa moja ya kuonyesha utamaduni na maisha ya kila siku ya familia ya mtoto. Niliisoma kazini, Embu mjini, watu wakiwa wamepanga foleni mbele ya dirisha langu kulipia leseni za biashara, na kila nilivyoirudia ndivyo nilivyozidi kukasirika. Saa moja! Mtu azaliwe hapa, alime hapa, azike watu wake hapa, halafu aambiwe ajieleze kwa saa moja, na salamu zikiwa humo humo ndani.

Ubaya ni kwamba hapakuwa na wa kumkasirikia. Walioandika walikuwa ofisi ya ustawi wa watoto ya mji mmoja huko Uswidi, na waliandika kwa adabu kuliko ninavyoandikiwa na bosi wangu. Kaka yangu Munyi na mkewe Wamuyu walifia huko, gari lao lilipoteleza kwenye barafu, mtoto wao akiwa chekechea anasubiri kuchukuliwa. Akachukuliwa na familia ya kulea. Sasa alikuwa ametimiza miaka mitano na ofisi ilitaka kuamua jambo moja: abaki na familia ile hadi awe mtu mzima, au aje kwa nyanya yake huku kwetu, chini ya mji mdogo wa Kiritiri. Mkutano wa video ndio ungekuwa nafasi yetu ya mwisho ya kusikika.

Mtoto anaitwa Ciakuthii. Ni jina la mama yangu. Kwetu Mbeere binti wa kwanza wa mwanamume hupewa jina la mama wa mwanamume huyo, na akishapewa jina ndiye yeye. Munyi akinipigia simu alikuwa akisema "Maitu amelala," "Maitu amekataa uji," yaani mama, na anayemsema ni kitoto cha miaka miwili. Kwa hiyo mimi, binti yake, nilipomweleza mama yangu kwamba kuna ofisi inafikiria kama mtoto aje au asije, aliniangalia kama ninayeumwa.

"Huyo ni mimi," alisema. "Mimi nitakaa wapi kama si kwangu?"

Tangu siku ile mpaka siku ya mkutano nilikula chakula kwa hofu, bila kujua ninakula nini.

Binamu yangu Gedion ndiye aliyekuja na mipango. Gedion ni MC wa harusi, anaishi Kianjokoma, na hajawahi kukutana na jambo lisilohitaji spika. Alitaka kuleta wachezaji wa ngoma na sketi za makonge, na cucu, yaani nyanya, apakwe rangi usoni.

"Nelius, hawa watu wanataka culture," aliniambia. "Ukiwaonyesha cucu na sweta na ndara za plastiki, watasema hakuna kitu hapa. Mimi najua hii mambo."

Maitu, mama yangu, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza kwa upole, "Gedion, mimi umewahi kuniona na hiyo sketi? Lini? Siku ya kanisa ama siku ya soko?"

Gedion akasema si lazima iwe ya kweli kabisa. Nikamwambia aende na spika zake. Kama tungeomba mtoto, tungemwomba tukiwa sisi wenyewe. Nilijiona mwerevu sana kwa uamuzi huo na nikaushikilia kwa ukaidi. Tungeonyesha ua uliofagiliwa, jiko, mbuzi, uji wa mawele, ndengu zikipurwa, mizinga ya nyuki mitini, watoto wakicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, na kuimba wimbo wa Sunday school. Ndiyo maisha. Hakuna aibu ndani yake.

Mtandao kwetu hushika pale kando ya ghala tu, hatua mbili kushoto umepotea. Siku ya mkutano niliegemeza simu kwenye debe juu ya kigoda, nikamketisha Maitu mbele yake amevaa gauni la kanisani na leso mabegani. Wajukuu walikuwa wameogeshwa na kupakwa mafuta mpaka wakang'aa. Ni watoto wa kaka yangu Mbogo, ambaye nyumba yake iko pale pale uani, pamoja na wa dada yetu aliyerudi nyumbani kutoka kwa mume huko Siakago. Mbogo na mkewe walikuwa wameenda sokoni na mbuzi, maana mwenye lori hakusubiri mikutano ya mtu.

Kwenye kioo walitokea wanawake wawili. Mmoja alikuwa afisa, Birgitta, mwenye nywele nyeupe zilizokatwa fupi na uso wa mtu aliyezoea kusikia mabaya bila kushtuka. Mwingine alikuwa mkalimani wa Kiswahili, Bi. Zuhura, mzaliwa wa Unguja. Mkalimani wa Kimbeere hawakuwa naye, nasi tukakubali Kiswahili kwa kuwa Maitu cha soko anakijua.

"Shikamoo, bibi," alisema Zuhura.

"Mzuri sana," Maitu akajibu, na Zuhura akatabasamu bila kumcheka. Nilimpenda papo hapo.

Tulianza vizuri, tena vizuri kupita nilivyoota. Nilizunguka na simu hatua zile chache unazoruhusu mtandao. Maitu alionyesha jinsi uji unavyokorogwa, akasema mtoto asiyeoga asubuhi hapewi. Mwanambuzi mmoja aliingia jikoni akatoka na gunzi mdomoni, Birgitta akacheka kicheko cha kweli, si cha ofisini. Watoto waliimba. Kupitia mlango uliokuwa wazi Maitu akaonyesha kitanda alichomtengenezea Ciakuthii, kimetandikwa, na neti juu yake, na Birgitta akauliza kama atalala peke yake. "Peke yake kwa nini?" Maitu alisema. "Atalala na mimi. Hicho ni cha nguo zake." Birgitta akacheka tena huku akiandika. Moyo wangu ulikuwa umeanza kupanda. Nilishaanza kuwaza ni nani ataenda uwanja wa ndege.

Ndipo Birgitta akauliza swali dogo, swali ambalo hata mimi kwenye dirisha langu la leseni huwauliza watu bila kufikiri.

"Bibi anaishi na wajukuu wangapi?"

Maitu akaitengeneza leso yake mabegani. Kisha akasema, "Wapo."

"Ndiyo, bibi. Ni wangapi?"

"Wapo. Mungu amewaweka."

Kati ya yote niliyokuwa nimeyapanga, hili sikuliwaza hata kidogo. Kwetu mtu hahesabu watu wake. Mifugo pia hahesabu. Anayewahesabu watoto wake anawaweka wazi, na mmoja atachukuliwa. Ndivyo Maitu alivyolelewa na ndivyo alivyotulea. Watu wa sensa wakija yeye huingia jikoni akamwachia Mbogo ajibu anavyojua. Mimi nimesoma, ninaandika namba kutwa nzima na kulipwa kwa hilo, hayo mambo nayaona ya kale. Lakini idadi ya wale watoto sitaiandika hapa, na mtu asiniulize sababu.

Nikaingilia kati, nikataja idadi mwenyewe, haraka, kama anayemtajia mgonjwa dawa. Birgitta akaniangalia, akamnong'oneza Zuhura.

"Afisa anashukuru, lakini angependa kumsikia bibi mwenyewe," Zuhura alisema. "Anataka kujua kama bibi anafahamu watoto alio nao."

Kama anafahamu! Mama yangu ambaye hujua kwa kikohozi ni nani aliyelala bila blanketi. Nilieleza kwamba kwetu watu hawahesabiwi, kwamba ni heshima, ni ulinzi. Nilieleza vibaya, maneno yakigongana, nikajisikia nikisema "utamaduni wetu" kwa sauti ile ile ya Gedion. Birgitta alinisikiliza vizuri kabisa. Halafu akauliza, wala si kwa ubaya, ni swali ambalo ningeuliza mimi:

"Kama hawahesabu, atajuaje kwamba mmoja hayupo?"

Maitu alilielewa hilo kabla sijamfafanulia. Aligeuka, akatupa macho mara moja tu kwa watoto waliokuwa uani, akarudi kwenye simu amefurahi kupata swali rahisi.

"Joyline hayupo," alisema. "Joyline ameenda maji. Ameenda na punda."

Nilifumba macho. Joyline, mtoto wa Mbogo, alikuwa ameponyoka baada ya wimbo, maana hiyo ndiyo zamu yake na punda alikuwa tayari amefungwa mitungi.

"Joyline ana umri gani?" Birgitta akauliza.

"Alizaliwa ule mwaka wa mvua mingi," Maitu alisema kwa fahari. "Ako darasa ya pili. Huyo ni msichana mzuri, hajawahi mwaga maji."

"Miaka minane," nilisema, kwa kuwa ingebidi isemwe.

"Na kisima kiko umbali gani?"

"Hapo tu," alisema Maitu, akinyoosha mkono kuelekea bondeni, na Zuhura akanitazama mimi. Nikasema ni mwendo kidogo. Nikasema huenda na watoto wa jirani. Nikasema njia nzima kuna watu wanaomjua, kila mama aliye shambani ni mama yake, hakuna anayeweza kumgusa. Kila sentensi ilikuwa kweli na kila sentensi ilituzamisha. Kalamu ya Birgitta ilikuwa ikienda tu. Ningeweza kuivunja kalamu ile kwa meno yangu.

"Leo yuko na watoto wa jirani?" aliuliza.

Sikujua. Maitu naye alianza kuona kwamba uso wangu umebadilika, akaniuliza kwa Kimbeere amekosea wapi. Nikamwambia hajakosea. Akauliza mbona yule mama haandiki tena huku akicheka.

Hapo nilipiga magoti. Sioni haya kusema hivyo, nilipiga magoti vumbini mbele ya kigoda, nje ya kioo, wasinione, nikamshika mama yangu mikono. Nikamwambia kwa Kimbeere, chini chini, kwamba wale watu wanadhani hawajui wajukuu wake. Nikamwambia hawatampa mtoto mtu asiyejua idadi ya watoto walio uani kwake. Mara moja tu, Maitu. Uwatajie hesabu mara moja tu, halafu tutaomba, tutaita mchungaji, tutafanya lolote.

"Munyi hatujamaliza hata kumlilia," alisema. "Unataka nihesabu hawa?"

"Nataka uhesabu umpate yule."

Kutoka kwenye simu Zuhura aliuliza kama tunasikika. Maitu alitoa mikono yake mikononi mwangu, akavuta leso mpaka ikafunika vidole. Nilidhani anakataa. Kisha nikaona leso ikitikisika kidogo, kidole kimoja kinakunjwa, halafu kingine. Alikuwa akihesabu kwa Kimbeere, midomo haitoi sauti, na kwa kila kidole aliangalia uso mmoja uani. Watoto waliacha kucheza. Binti mkubwa wa dada yangu aliona anachofanya akamvuta mdogo wake nyuma yake. Sijawahi kumwona mama yangu na hofu ile, hata siku jeneza la Munyi liliposhushwa kutoka kwenye ndege.

Akaitaja idadi kwa Kiswahili, kwa sauti, akiitazama simu.

Ilikuwa moja zaidi ya ile niliyotaja mimi.

Birgitta aliangalia karatasi yake. "Shangazi alisema pungufu ya hiyo," alisema kupitia kwa Zuhura. "Ipi ni sahihi?"

Maitu hakusita. "Hiyo yangu. Yeye amesahau Ciakuthii."

Niliona Zuhura ameelewa, macho yake yakawa mekundu, kisha akageuza maneno yale kwa lugha ya watu. Birgitta aliandika kitu kirefu. Nikaeleza tena, hata sikumbuki nilieleza nini, nafikiri nilirudia jambo moja mara nyingi: amemhesabu yule, amemhesabu yule, si kwamba hajui, amemhesabu yule.

Muda ukawa umeisha. Dakika za mwisho zilikuwa za mtoto. Aliletwa na mwanamke mrefu mwenye uso mpole, akakaa mapajani pake bila kuvutwa, na hilo niliona na Maitu aliona. Alikuwa na sweta ya manjano na pengo la jino. Ana paji la uso la Munyi, lile lile.

"Ciakuthii," Maitu alimwita. "Ciakuthii wa Munyi. Ni cucu wako."

Mtoto alituangalia kwa makini, akasema kitu kwa lugha yake.

"Anauliza kama mbuzi wanalala ndani," Zuhura alisema.

"Mwambie wanalala ndani," Maitu alisema, akiinuka nusu kutoka kwenye kiti. "Mwambie kuna mmoja mdogo ni yake. Mwambie akuje atachagua jina."

Mtoto aliposikia akacheka, akageuka kumwambia yule mwanamke, na huko kugeuka ndiko kulikomalizia muda wetu. Birgitta alitushukuru sana. Alisema ameona nyumba yenye upendo. Joyline alirudi muda mfupi baadaye, yeye na punda, mitungi imejaa, akashangaa kwa nini bibi yake anamkumbatia hadi anamuumiza.

Uamuzi ulifika baada ya majuma kadhaa, nao ulikuja kwa adabu. Mtoto atabaki alipo. Waliandika kwamba nyanya anampenda mtoto bila shaka yoyote, lakini watoto wadogo hutumwa mbali bila mtu mzima, na nyanya hakuweza kueleza usimamizi wao hadi aliposhurutishwa na binti yake. Waliandika pia kwamba anamhesabu mtoto kama aliye tayari nyumbani, jambo linaloonyesha hajaikubali hali ilivyo. Hicho kipande nilikisoma mpaka bosi akaniuliza kama nimefiwa tena. Mwisho waliandika kwamba tunaruhusiwa kumwona kwa simu kila baada ya miezi mitatu, ili asikue bila kuwajua watu wa kwao.

Nilienda nyumbani Jumamosi. Maitu alikuwa amekaa kwenye gunia anapepeta ndengu, na nilimwambia nikiwa nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa sitaweza. Nilimwambia yote ila kile kipande cha kuhesabu. Aliendelea kupepeta mpaka makapi yakaisha, akaweka ungo chini.

"Ni ile hesabu," alisema.

"Si hesabu, Maitu!" Nilipaza sauti, nikashindwa kujizuia, kuku wakatawanyika. "Ni watu wamekaa kwenye viti wakaamua! Ni kisima! Wangemwona Joyline anarudi na maji wangesema mengine. Ni watu tu. Hesabu haina mkono wa kuchukua mtu."

Aliniacha nimalize. Nilikuwa nalia kwa hasira, na yeye macho yake yalikuwa makavu.

"Nilijua mmoja ataenda," alisema. "Nilipokuwa nakunja vidole nilijua. Nilimweka Ciakuthii wa mwisho, nikaomba atakayeenda asiwe wa kuzikwa."

Akaokota jiwe dogo kwenye ndengu, akalitupa mbali.

"Nimesikizwa," alisema. "Huyu amechukuliwa akiwa hai. Atakula, atalala mahali pa joto. Usinililie, Nelius. Munyi hakupata hiyo."

Nilikaa karibu naye kwenye gunia. Tulichambua ndengu mpaka watoto waliporudi kutoka kucheza, na alimwita kila mmoja kwa jina lake aje kunawa.